Mgonjwa Anaruhusiwa Kwenda Nyumba Gani?

Mhadhara kwa wenyeviti wa mitaa, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na maafisa ustawi wa jamii, Nyamagana, Mwanza

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Na waliotoka Magu na Misungwi asubuhi yote hii, mwangaluka.

Nimeombwa nizungumzie makazi, afya na ustawi wa jamii. Kazi yangu ni fiziotherapia. Wagonjwa wananiita "yule wa mazoezi" na nimeshalizoea jina. Nitasema kama mtu wa mazoezi, na hoja yangu ni moja. Kwenye timu inayomhudumia mgonjwa anakosekana fundi. Namaanisha fundi kabisa, mwenye msumeno na mwiko wa saruji.

Niwaeleze mgonjwa mmoja. Nimemuunganisha kutokana na wengi, nisije nikamwanika mtu hapa. Ni baba wa miaka sitini na kitu, seremala, amepanga Mabatini, juu kule ambako bodaboda inakushusha na kukuambia "mzee, mwisho hapa." Kapata kiharusi, upande wa kulia umelegea. Wodini tumefanya naye kazi vizuri: kakaa, kasimama, katembea na fimbo kwenye korido. Korido yenyewe ni tambarare, ina vigae, ina ukuta wa kushika. Siku ya kuondoka anapewa karatasi: dawa za presha, tarehe ya kliniki, aendelee na mazoezi nyumbani. Karatasi nzuri tu, ila haina hata mstari mmoja unaouliza hiyo nyumbani ikoje.

Wenyeji wa Mabatini, Igogo na Bugarika hamhitaji kuelezwa. Njia ni mawe. Kuna mahali unapanda jiwe la kufika gotini, halafu unapita ubavuni mwa ukuta wa jirani, halafu unavuka mfereji. Wanawe wanambeba mgongoni. Akishafika juu hashuki tena, mpaka azidiwe.

Sasa choo. Kiko nje, ni cha wapangaji wote, cha kuchuchumaa, na mlangoni kuna kizingiti kirefu. Mtu aliyepooza upande mmoja akichuchumaa hainuki. Kwa hiyo baba yetu anafanya hesabu yake kimyakimya. Anapunguza maji ya kunywa. Anapunguza chakula. Halafu anagundua kwamba katika zile dawa za presha kuna kidonge kimoja kinachomkojoza mara kwa mara, anakiacha. Presha inapanda. Akifika kliniki kunaandikwa: mgonjwa hafuati dawa. Jamani, dawa anaifuata vizuri sana, anajua mpaka saa inapomfikisha chooni! Kinachomshinda ni kizingiti.

Na mama? Mama alikuwa anauza mitumba soko la Mlango Mmoja. Sasa lazima awepo wa kumwinua mume, biashara inakufa. Kodi ya miezi sita ikikaribia, watoto wanaanza kupigiana simu. Kufikia hapo faili limeshahamia kwa afisa ustawi wa jamii, naye analipokea kama kesi mpya ya kaya isiyo na kipato, wakati ni kesi ileile ya kizingiti.

Nawaeleza sasa kinachohitajika, kwa kirefu kidogo, maana huku ndiko watu huwa wanapita haraka. Kiti cha plastiki, vile tunavyokalia misibani. Chukua viwili, kimoja ukichomeke ndani ya kingine, kwa sababu kimoja miguu yake itapanuka na kupasuka mzee akiwa juu yake. Toboa tundu pale pa kukalia kwa kisu kilichopashwa moto, kisha piga msasa kingo zote zisikwaruze. Ngozi iliyokufa ganzi haisikii mkwaruzo, na kidonda kikianza hapo kinasumbua kweli. Kiti kinakaa juu ya tundu la choo. Ukutani weka bomba la chuma la robo tatu la kushika, upande ule wa mkono mzima. Bomba hilo lishikwe kwenye tofali lenyewe, lisiishie kwenye lipu, maana lipu litabanduka siku ya kwanza akiegemea. Kizingiti kigawe mara mbili kwa zege, ziwe hatua mbili fupi. Kazi ya mchana mmoja kwa fundi mmoja na saidia wake.

Lakini hiyo kazi ya mchana mmoja nani anaiagiza? Daktari hawezi. Mimi naweza kuchora mahali pa bomba, sina mamlaka ya kutoboa ukuta wa mtu. Mwenye nyumba atasema mnamharibia, na wapangaji wenzake watauliza hicho kiti kitawazuia au la. Anayeweza kukaa na mwenye nyumba wakaelewana ni mwenyekiti wa mtaa. Anayejua kuwa mzee karudi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Anayeweza kuiombea kaya msaada ni afisa ustawi. Watu hao wote wapo, tena wengi wenu mko humu ukumbini na mnafahamiana kwa majina. Ila kila mmoja ana daftari lake.

Msidhani wenzetu walizaliwa wanajua. Uingereza huduma yao ya afya ya taifa ilianza tarehe 5 Julai 1948 chini ya waziri Aneurin Bevan. Wengi hawajui kwamba waziri huyohuyo ndiye aliyekuwa na dhamana ya ujenzi wa nyumba za umma. Afya na nyumba vilikuwa wizara moja mpaka mwaka 1951 vilipotenganishwa, na tangu hapo wamekuwa wakihangaika kuvirudisha pamoja. Leo England mtu mwenye ulemavu anaweza kuomba halmashauri yake ruzuku ya kurekebisha nyumba, mpaka pauni 30,000: njia ya mteremko, bafu la kuingia bila kuruka ukingo, milango mipana. Tangu mwaka 2015 fedha hizo zimewekwa kwenye kapu moja na fedha zinazounganisha afya na huduma za ustawi. Sababu ni hesabu tu. Taasisi ya utafiti wa majengo ya huko, BRE, ilikadiria mwaka 2021 kwamba nyumba mbovu zinaigharimu huduma ya afya ya England kama pauni bilioni 1.4 kwa mwaka, na sehemu kubwa ni baridi na watu kuanguka. Baridi hatuna. Kuanguka tunako, tena kwenye miamba.

Najua mtu ataniambia hizo ni pauni. Turudi nyumbani basi. Mwaka 1973 nchi hii ilikusanya watu redioni kwa kampeni ya Mtu ni Afya, wakikaa kwa vikundi, wanasikiliza, kisha wanainuka kuchimba vyoo na kufyeka vichaka kuzunguka nyumba zao. Juzijuzi tukawa na kampeni ya Nyumba ni Choo. Wazo la kwamba afya inaanzia nyumbani halijaletwa na mgeni yeyote.

Na huku kwetu Usukumani kuna jambo zito zaidi. Wazee mliomo humu mnakumbuka, wengine kwa uchungu wa familia zenu, jinsi bibi zetu walivyouawa kwa kuitwa wachawi. Dalili iliyotajwa sana ilikuwa macho mekundu. Macho mekundu yanatoka wapi? Bibi kapika miaka hamsini kwenye kijumba kisicho na dirisha, kwa kuni mbichi, mabua, na samadi ya ng'ombe pale kuni zilipoadimika. Moshi umekaa humo naye. Kisha anabaki mjane, anaishi peke yake, nyumba haina mlango wa kufunga, na kuna shamba ambalo mtu analitolea macho. Mashirika yaliyolivalia njuga jambo hili, HelpAge, lile la kimataifa la kutetea wazee, pamoja na mashirika ya hapahapa kama MAPERECE la Magu, yalielewa kwamba mkutano wa hadhara peke yake hautoshi. Nyumba ilihitaji kukarabatiwa, jiko lilihitaji kubadilishwa lisitoe moshi mwingi, na bibi apate msaidizi wa kisheria wa kumlinda yeye na shamba lake. Hebu semeni hilo ni suala la makazi, la afya au la ustawi? Nikikupa wewe afisa mmoja faili la bibi yule, utaliweka kabati gani?

Ndiyo maana ule Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, mimi nausoma kama mkakati wa nyumba pia. Mtungi wa gesi ukiuingiza kwenye chumba kimoja cha kulala watu sita, kisicho na dirisha, umeondoa moshi wa kuni na kuleta hofu nyingine. Na chumba hichohicho akiwemo anayekohoa kifua kikuu ambaye hajaanza dawa, mnavuta hewa moja usiku kucha. Dirisha limezibwa kwa tofali kwa sababu ya vibaka. Nondo nne na wavu vingewarudishia hewa na vibaka wakabaki nje.

Ziwani nipite haraka, wenzangu wanaoshughulika na kichocho wanapajua kuliko mimi. Watoto wanapewa praziquantel, dawa ya kichocho, shuleni, minyoo inakufa, kisha jioni wanarudi mwaloni kuoga na kuchota maji kwa sababu nyumbani hakuna bomba. Dawa ile inaua minyoo iliyomo mwilini. Haimkingi mtoto na ya kesho.

Kuna jambo jiji hili limelifanya vizuri, nalo lisemwe. Kilimani huwezi kuchimba shimo la choo, unakutana na mwamba futi mbili tu. Miaka mingi vyoo vilikuwa vinatapishwa mvua ikinyesha, na uchafu unateremkia kwa wa chini. MWAUWASA, mamlaka ya maji na majitaka ya Mwanza, wakaja na mtandao rahisi wa majitaka: mabomba membamba yanayopita kati ya nyumba na nyumba, juujuu, yakifuata mteremko mpaka bomba kuu. Kwa mhandisi ilikuwa kazi ya mabomba, lakini ngumu zaidi ilikuwa kuwashawishi majirani bomba lipite uani kwa fulani. Mwenyekiti wa mtaa alihitajika hapo kama nilivyomhitaji mimi kwenye choo cha seremala.

Nisiwauzie mbuzi kwenye gunia, lakini. Si kila nyumba inayorekebishwa inaleta afya unayoitarajia. Gambia walifanya utafiti mzuri, wakaweka mapaa ya bati na kuziba mianya ya mbu, matokeo yakatoka mwaka 2021: watoto waliokwisha kuwa na vyandarua hawakupata nafuu ya ziada dhidi ya malaria. Kwa upande mwingine Mexico, kwenye mpango wao wa Piso Firme, kaya zenye sakafu ya udongo zilimwagiwa zege, na watafiti wakakuta nyumba iliyofunikwa sakafu yote minyoo na vimelea kwa watoto vilipungua kwa asilimia 78, kuhara kwa 49, na mama zao walikuwa na msongo mdogo wa mawazo. Sakafu tu! Kwa hiyo lazima ujue nyumba ipi ina kasoro ipi, na kasoro hiyo inamuumiza nani. Huwezi kulijua hilo ukiwa ofisini.

Wa kuijua wapo. Serikali ilipozindua Januari 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo lilikuwa 137,294 nchi nzima. Hao wanaingia ndani ya nyumba. Wanaona godoro, wanaona kizingiti. Ninachoomba ni wawe na mahali pa kupeleka walichokiona, na mahali hapo pawe kata, kwa sababu kata ina mtendaji, ina afisa afya, na iko karibu na watu wa ustawi. Kikao kimoja kwa mwezi, kaya zilizotajwa, na fundi akiwa mezani.

Hela? Bima ya afya haina kitita cha mfuko wa saruji, tusidanganyane. Lakini halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vijana waliomaliza VETA wakiunda kikundi cha mafundi wa kurekebisha nyumba za wagonjwa na wazee, wana sababu nzuri ya kuomba, na wateja wapo. Mwenye uwezo atalipa mwenyewe; wanaume wengi wakubwa wa mji huu wana mama zao kule kilimani wasioweza kwenda chooni. Asiye na uwezo, kikao cha kata kitajua ni nani, hata bila kumpigia mbiu.

Nimechapa karatasi ya maswali matano ya kumuuliza mgonjwa kabla hajaruhusiwa: njia ya kufika nyumbani ikoje, choo kiko wapi na cha namna gani, analala na wangapi chumbani, nyumba ni yake au amepanga, na mchana anabaki na nani. Swali la choo nawajua mtaliruka, hasa mkiongea na mtu aliyewazidi umri. Tumeni mtu wa rika lake aulize. Nakala ziko kwa katibu pale mlangoni, na karatasi ya kile kiti chenye tundu ina mchoro nyuma. Mama wa Kirumba alikuwa na mkono juu tangu niliposema habari ya mwenye nyumba. Mpeni kipaza sauti.