Kijiko kimekula kipindi

ZUHURA: Kabla hujafungua orodha yako ya vyakula vya kuondoa kwa mwenye maumivu ya goti, Kaka Juma, tumseme yule mwembamba anayeongeza mafuta kwenye chakula ili asipungue. Juzi nimeweka kijiko changu cha mezani kwenye mizani ya jikoni, nikairudisha kwenye sifuri, nikajaza mafuta. Gramu 9!

JUMA: Tisa? Si kila siku tunawaambia watu 14?

ZUHURA: 14 ni ya kijiko cha kupimia, kile cha mililita 15. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, kwa hiyo hicho kina kama 120. Changu kina 81. Anayejiongezea vitatu kwa siku anahesabu 360, kumbe amepata 243.

JUMA: Ndiyo maana suruali inazidi kumpwaya.

ZUHURA: Tena ameshaacha soda na biskuti, sahani imejaa mboga na maharage. Nyuzinyuzi zinamshibisha kalori zikiwa bado hazijatosha.

JUMA: Na mafuta asiyatie kikaangoni, mengine yatabaki humo humo. Apakue kwanza, ndipo amwagie juu ya chakula.

ZUHURA: Aanze na nusu kijiko kwa mlo, aongeze baada ya siku tatu nne. Ukirukia vitatu siku ya kwanza unaweza kuharisha, halafu utayasingizia mafuta kwamba hayapatani nawe.

JUMA: Yale ya zeituni yanayokereketa kooni yana oleokanthali, kitu cha asili kinacholeta huko kukereketa. Inazuia vimeng'enya vilevile vinavyozuiwa na ibuprofeni, ile dawa ya maumivu, ila kwa kijiko kimoja ni kidogo mno. Dawa ulizoandikiwa usiziache. Haya, orodha! Unaondoa ngano, maziwa na sukari kwa mpigo, wiki tatu, kisha unarudisha kimoja kila baada ya siku tatu, uone kipi kinakuletea maumivu.

ZUHURA: Hapo hapana. Aondoe kimoja, tena baada ya kuweka mbadala wake.

JUMA: Dada, maumivu yana siku zake nzuri na mbaya. Ukienda kimoja kimoja, miezi inakwisha hujui kilichokusaidia ni kipi.

ZUHURA: Na mtu mwembamba akipungua wiki tatu, misuli nayo inakwenda. Goti linashikiliwa na misuli ya paja. Utakuwa umeliongezea mzigo goti lile lile linalomuuma.

JUMA: Si anafidia kwa kijiko?

ZUHURA: Kipi? Cha 9 au cha 14?

JUMA: Cha 14! Akipima vizuri, wiki tatu anazimudu.

ZUHURA: Hamu ya kula ikipotea kwa maumivu, hata hicho hakipiti.

JUMA: Zimebaki dakika mbili. Samaki, karanga, daftari la maumivu, vyote sijavigusa.

ZUHURA: Sema la uzito tu.

JUMA: Jipime asubuhi, umeshatoka msalani, hujala, mara tatu kwa wiki, uchukue wastani. Wa kilo 60 akishuka hadi 57 ndani ya miezi sita bila kukusudia, akamwone daktari.

ZUHURA: Na aondoe kimoja kimoja.

JUMA: Vitatu, kwa mpigo.