Anayenibana Ndiye Ajieleze

Jaduong' mwenyekiti, mama zangu, vijana wa Kisumu: mkiniita kuzungumzia uhuru mnajua nitaanzia wapi. Nitaanza na Ijumaa.

Mpwa wangu ni mtu wa boda boda. Ijumaa moja saa kumi jioni alichukuliwa stejini, akapelekwa kituo ambacho sitakitaja. Kosa? Hakuambiwa. Dada yangu alipofika kaunta akajibiwa, "Mama, kuja Jumatatu." Jumamosi akarudi na chakula. Jumapili akarudi. Jumatatu alfajiri kijana akafunguliwa mlango, akarudishiwa viatu na mshipi, akaambiwa aende nyumbani. Hakimu hakumwona. Shtaka hakusomewa. Hata pole hakupewa.

Wasomi mtaniambia kifungu cha 49 cha Katiba kimeweka saa 24. Someni mpaka mwisho! Saa hizo zikiishia wakati mahakama imefungwa, mtu anaweza kungoja siku ya mahakama inayofuata. Za Ijumaa jioni zinaisha Jumamosi jioni. Pigeni hesabu. Nafasi hiyo iliachwa kwa sababu hakimu naye ana siku ya kupumzika, na watu wameigeuza mtego. Kifungu hichohicho kinataka uambiwe sababu upesi, kwa lugha unayoielewa. Kosa la faini tu, au la kifungo kisichozidi miezi sita, halikuweki rumande.

Najua kuna anayenung'unika: mwalimu, wewe huna duka Kibuye, hujaporwa. Sikiliza, ndugu yangu. Serikali naitaka, tena yenye nguvu. Duka likivunjwa usiku nataka askari afike upesi. Aliyevunja akamatwe, atajwe kwa jina, apelekwe kortini. Lakini kuzoa vijana waliokuwa stejini wakingoja abiria hakumrudishii mwenye duka hata bati moja.

Wazee mnakumbuka Oktoba 25, 1969, kufunguliwa kwa hospitali ile tunayoiita Russia. Risasi zikapigwa, watu wakafa. Siku chache baadaye KPU, chama cha upinzani, ikapigwa marufuku, na kiongozi wake Jaramogi Oginga Odinga akawekwa kizuizini bila kesi. Kizuizi hicho kilikuwa na sheria yake, imeandikwa vizuri kabisa. Anayeniambia "mradi ni sheria" namrudisha mwaka huo.

Ndiyo maana silali bila kifungu cha 24, Katiba ya 2010. Kupunguza haki ya mtu kunahitaji sheria, sheria yenyewe iwe ya haki na ya kiasi, na anayetaka kupunguza ndiye anayebeba mzigo wa kuithibitishia mahakama. Tumezoea kinyume: raia ndiye anayejieleza barabarani, anayeonyesha kitambulisho, anayeulizwa ulikuwa unaenda wapi.

Nilitaka kugusa askari wa kaunti na mboga za akina mama, na ile notisi ya siku tatu ya maandamano ambayo siku hizi inafanywa kama ombi la ruhusa. Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi hili tu: mtu wenu akichukuliwa, anayebaki aandike saa hapohapo, kwenye simu, na kituoni adai namba ya OB, kile kitabu cha polisi cha kuandikia matukio. Dada yangu hakuandika. Tulipokwenda kulalamika, tulionyeshwa kitabu: kijana wetu ameandikwa kaingia Jumamosi usiku, na hatukuwa na karatasi ya kubishia.