Kocha, Mteja Wako Amefiwa

Mimi ni mshauri nasaha, na kila ninapoalikwa kuzungumza na makocha naulizwa kocha wa maisha na mshauri nasaha wanatofautianaje, na kabla sijafungua kinywa mtu ananitangulia: mshauri ni wa jana, kocha ni wa kesho. Jibu hilo linaniudhi, na nitawaambia kwa nini.

Mama mmoja mwenye duka alifiwa na mumewe. Miezi mitatu haijaisha, duka linayumba, shemeji yake akamlipia kocha. Kocha alijua kazi yake. Alifuata hatua nne zile alizozieneza John Whitmore, kocha Mwingereza, kwa kitabu chake cha 1992: lengo lako nini, hali ikoje, una njia zipi, utafanya nini na lini. Mama akaandika: nitafungua duka saa moja asubuhi. Wiki ya kwanza hakufungua. Ya pili vilevile. Ya tatu kocha akamwambia anajikwamisha mwenyewe. Alipofika kwangu, neno lake la kwanza: "Hata kwa kocha nimefeli." Nikamwuliza analalaje. Halali. Anakula? Uji, watoto wakimbembeleza. Tangu mazishi kila aliyemjia alimwambia ajikaze. Huyo ndiye wa kuwekewa shabaha ya mauzo?

Mtasema hata kocha husikiliza. Husikiliza, ndiyo. Lakini huanza na nguvu ambazo mteja tayari anazo, amsaidie kuchagua pa kuzipeleka. Mshauri humpokea hata asiyeweza kunyanyuka. Nasi washauri tunakosea pia: mwalimu anayejiandaa kuwa naibu mkuu wa shule, wamchimbulia utoto wake wa nini? Anataka kujua kuendesha kikao.

Hapa Kenya mshauri ana sheria ya 2014, husajiliwa na kupewa leseni. Kocha hana sheria ya namna hiyo. Cheti cha kwanza cha ICF, shirikisho la kimataifa la makocha, hudai saa 60 za mafunzo na 100 za kazi, lakini hakuna anayekulazimisha kukitafuta. Kwa hiyo nawasihi: mteja akikaa wiki mbili bila usingizi wala hamu ya kitu, weka malengo kando, mpeleke kwa mshauri au daktari. Akisema afadhali asiamke tena, ni siku hiyohiyo, na uandamane naye.

Yule mama? Vikao tisa hatukutaja duka. Cha kumi alilitaja mwenyewe, nami nikamrudisha kwa kocha yuleyule.