Mwalimu Aliyefungwa Ulimi
(Mhadhara kwa walimu wanaokaribia kustaafu, Tanga)

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Wakubwa zangu, shikamooni. Na ninyi vijana wa kule nyuma, marahaba, maana najua mlikuwa njiani kuniamkia.

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniambia, "Mwalimu, njoo utuzungumzie maana ya maisha. Una dakika 40." Dakika 40 ni kipindi kimoja! Nimefundisha historia miaka 34 na sijawahi kuimaliza hata Vita vya Majimaji kwa kipindi kimoja. Lakini nilikubali, na sababu ya kukubali nitaieleza kwanza, ili mjue anayesema nanyi ni mtu wa namna gani.

Nilistaafu kwa mujibu wa sheria, miaka 60 ilipotimia, siku ya Ijumaa. Wakaniimbia, wakanipa godoro na saa ya ukutani. Saa! Unampa saa mtu ambaye ndiyo kwanza umemwondolea kengele. (Kicheko.) Jumatatu yake niliamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida. Nikaoga, nikavaa shati la mikono mirefu, nikachomekea, kalamu nyekundu mfukoni, nikakaa sebuleni. Mke wangu akatoka jikoni, akanitazama, hakusema kitu. Akanimiminia chai. Nikainywa ile chai nimechomekea, sina pa kwenda.

Mafao nilikuwa nayahesabu vizuri. Shamba lilikuwepo, muhogo umeshapandwa. Kwa hiyo si kwamba nilikosa la kufanya. Nililokosa ni jibu la kumpa mtu ambaye angeingia pale mlangoni na kuuliza, "Mwalimu, miaka yote ile ilikuwa ya nini?" Hakuingia mtu. Swali likaingia lenyewe, likakaa kwenye kiti cha pili.

Basi nikaanza kusoma, na katika kusoma nikakutana upya na mtu ambaye darasani nilikuwa nikimtaja kwa sentensi moja na kumpita. Jina lake Abu Hamid al-Ghazali. Waislamu hapa mnamjua kama Imamu Ghazali, na wenye asili ya Lamu au Ngazija mmesikia vitabu vyake vikisomwa kwenye darsa, kwa sababu masharifu waliotoka Hadhramaut, kule Yemen, walikuwa wakivithamini sana na wakaja navyo huku pwani. Wenzangu Wakristo, msishike mikoba. Sikuja kuhubiri. Nimekuja kuwasimulia habari za mwalimu mwenzenu aliyeugua ugonjwa wa walimu.

Alizaliwa mwaka 1058 katika mji wa Tus, jimbo la Khurasani, kaskazini-mashariki mwa Iran ya leo. Wapokezi wanasema baba yake alikuwa fukara, msokota nyuzi za sufu. Alipokaribia kufa akawakabidhi wanawe wawili, Muhammad ambaye ndiye huyu Ghazali, na mdogo wake Ahmad, kwa rafiki yake mcha Mungu, pamoja na akiba kidogo ya kuwasomesha. Akiba ikaisha. Yule mlezi akawaambia: wanangu, mimi sina kitu, nendeni mkajiandikishe madrasa, maana huko wanafunzi hupewa chakula. Wakaenda.

Yaani mwanachuoni ambaye baadaye aliitwa Hoja ya Uislamu aliingia shule kwa sababu ya ugali.

Mnacheka, lakini wangapi humu tuliingia ualimu kwa sababu alama za kidato cha nne hazikutupeleka kwingine? Mimi nilitaka kuwa nahodha. Mpaka leo meli ikiingia bandarini pale nageuza shingo. Hupokewa kwamba Ghazali mwenyewe, alipokuwa mtu mzima, alisema: tuliitafuta elimu kwa ajili ya kitu kingine kisichokuwa Mungu, elimu ikakataa ila iwe kwa ajili ya Mungu. Shikeni hapo, tutaparudia.

Alipanda daraja haraka kuliko sisi. Mwaka 1091, akiwa na miaka 33 hivi, Waziri Nidhamul Mulk, mtu mwenye nguvu kuliko wote katika dola ya Waseljuki, watawala wa Kituruki wa zama zile, alimteua kufundisha katika Nidhamiya ya Baghdad, chuo alichokianzisha waziri huyo. Hakukuwa na kiti cha juu zaidi ya hicho kwa mwalimu wa zama zile katika nchi zile. Anasema mwenyewe wanafunzi wake walikuwa 300. Wakubwa wa serikali wakimsikiliza. Kwa lugha yetu, hakuwa na barua inayosubiri saini ya mtu yeyote.

Na hapo ndipo alipoharibikiwa.

Ilikuwa mwaka 1095, mwezi wa Rajabu mwaka 488 wa Hijria. Ameyaandika haya mwenyewe, bila kujipamba. Alikaa akaichunguza kazi yake, na kilichomtisha ni kwamba kazi ilikuwa nzuri. Alikuwa anafundisha vizuri! Ila alipoiuliza nia yake, nia ikamjibu kwamba inatafuta cheo na jina. Akajiona kama mtu aliyesimama kwenye ukingo wa mto unaomomonyoka. Asubuhi anaazimia kuondoka Baghdad, jioni azma imevunjika. Anasogeza mguu mmoja mbele, mwingine anaurudisha. Miezi sita karibu, hivyo hivyo.

Kisha ulimi ukafungwa. Nataka walimu mlisikilize hili taratibu. Anasema alijilazimisha siku moja aingie afundishe, angalau awaridhishe wanafunzi waliokuwa wakimjia, na ulimi ukakataa kutamka hata neno moja. Nimeshaingia darasani na malaria, nimeingia siku ya pili baada ya kumzika mama yangu, nikafundisha. Lakini nikijaribu kuiona ile picha, wanafunzi wametulia, wamekaza macho, na mwalimu mkubwa kuliko wote Baghdad amesimama mbele yao anafungua mdomo na hakuna kinachotoka, mwili unanisisimka. Chakula kikagoma kushuka, hata maji yakawa hayapiti. Waganga wakaitwa, wakamtazama, wakakata tamaa. Wakasema jambo hili limeshuka moyoni na kutoka huko limeenea mwilini, halina dawa mpaka moyo wenyewe utulie. Ninawaheshimu waganga wale. Siku hizi tungempa vidonge vya tumbo.

Sasa, kwa nini swali limjie akiwa juu na lisimjie alipokuwa anasoma kwa ajili ya ugali? Watu husema swali la maana ya maisha ni la walioshiba. Sikubaliani. Mwenye njaa naye huliuliza, tena usiku. Nadhani mtu anapopanda ngazi, ngazi yenyewe humjibu: leo uko hapa, kesho utakuwa pale, basi maana si hiyo? Ghazali alifika mahali ngazi imekwisha. Mimi ngazi yangu haikuwa ndefu kama yake, lakini nayo ilikwisha, Ijumaa, kwa wimbo na godoro.

Naomba nichepuke kidogo. Katika kila andalio la somo tuliloandika maishani, kulikuwa na mahali pa lengo kuu na lengo mahsusi. Kwa dakika 40 za kufundisha sehemu za jani tulitakiwa tuseme tunakwenda wapi. Na mwisho palikuwa na tathmini, ambapo sote, tusidanganyane, tuliandika "Somo lilieleweka" kabla hata ya kuingia darasani. (Kicheko kirefu.) Na hebu litazameni neno lenyewe, kusudi. Nyumbani tunalisikia lini? Mtoto akivunja sahani. "Amefanya makusudi huyu!" Tumezoea kuona kusudi kwenye makosa. Mtoto akiosha sahani vizuri, nani humwambia umefanya kusudi?

Turudi Baghdad. Mwezi wa Novemba mwaka ule aliondoka. Aliaga kwamba anakwenda Makka, na moyoni alikusudia Sham, yaani upande wa Syria, kwa kuogopa Khalifa na marafiki wasimzuie. Mali yake akaigawa, akabakiza kiasi cha kumtosha yeye na watoto. Kiti cha Nidhamiya akamwachia mdogo wake, yuleyule Ahmad waliyekwenda naye kutafuta chakula. Damascus alikuwa akipanda mnara wa msikiti, anajifungia mlango mchana kutwa. Kisha Yerusalemu. Kisha Hebroni, kwenye kaburi la Nabii Ibrahim, ambapo aliweka nadhiri kwamba hataingia tena kwenye mabaraza ya watawala, hatapokea fedha zao, wala hatashindana na watu kwa hoja. Kisha akahiji.

Mwalimu wa historia hawezi kupita hapa bila kunong'ona jambo. Wapo waandishi wa historia wasioridhika na maelezo haya. Wanakumbusha kwamba Nidhamul Mulk, aliyemteua, aliuawa kwa kisu mwaka 1092, na wauaji wanahesabiwa kuwa wa kundi lile lile la Kiismailia, tawi la Washia, ambalo Ghazali alikuwa ameandika kulipinga kwa kuagizwa na Khalifa. Kwa hiyo, wanasema, huenda aliogopa tu. Mimi naona yanaweza kuwa yote mawili, na simpunguzii heshima. Ni nani humu aliyewahi kufanya jambo moja kwa sababu moja tu? Unakwenda msibani kwa ajili ya marehemu, na pia usije ukasemwa.

Sehemu inayonishika mimi, na ambayo wahubiri huipita haraka, ni ya kurudi. Hakubaki kwenye mnara. Anasema wito wa watoto wake ulimvuta nyumbani, naye alikuwa mtu aliyedhani hatarudi kamwe. Akakaa Tus kwa utulivu. Halafu mwaka 1106, Fakhrul Mulk, mtoto wa waziri yule yule, akamshika afundishe tena, safari hii Nidhamiya ya Nishapur. Akaenda. Tangu alipoacha kufundisha Baghdad ilikuwa imepita miaka 11 kwa hesabu ya Hijria.

Mtamwona kigeugeu. Nishapur nako kulikuwa shule ya wakubwa, na nadhiri ya Hebroni ilikuwa bado iko shingoni. Yeye mwenyewe alijua watu watasema, akajibu mapema. Alisema: ingawa nimerudi kufundisha, sikurudi, kwa maana kurudi ni kuendea kile kilichokuwepo. Zamani nilieneza elimu ya kuchumia cheo, na kwa maneno na matendo yangu nikiwaita watu huko, na hiyo ndiyo ilikuwa nia yangu. Sasa ninaita kwenye elimu inayomfanya mtu akiache cheo.

Anakaa mbele ya wanafunzi kama zamani. Kwa macho ya mkaguzi wa shule, hakuna kilichobadilika hata kimoja, angejaza fomu ile ile. Na ndiyo maana nimemleta hapa leo. Nilipostaafu nilihangaika kutafuta jambo jipya la kunipa maana: ufugaji wa kuku, kamati ya mtaa, hata nilijiandikisha kujifunza kompyuta. Nilidhani maana ni kitu kilichowekwa mahali ambapo sijafika. Ghazali alitembea mpaka Damascus na Yerusalemu, akarudi akashika kazi aliyoiacha.

Kijana pale amenyoosha mkono tangu zamani. Haya, mwalimu.

(Swali kutoka kwa mwalimu kijana: "Mzee, Ghazali alikuwa na mali ya kugawa. Mimi nina mkopo benki, mshahara ukitoka umeshakatwa, na wadogo zangu wawili wananitegemea. Mimi nitaondokaje miaka 11?")

Huondoki. Na sitakudanganya kwamba ni sawa tu ukikaa. Nimeliwaza sana hili. Sidhani Ghazali angelipata lile alilolipata bila kuondoka. Alihitaji mnara na ule mlango wa kufunga, na wewe huna. Nilichoweza kukiona ni kwamba hata yeye kilichomrudisha ni watoto, na hakulihesabu hilo kuwa kushindwa. Wadogo zako hawakuzuii njia, mwanangu. Inawezekana wao ndio njia, inawezekana sivyo. Hilo silijui kwa niaba yako. Ila mnara kidogo jitafutie, hata ni nusu saa chini ya mwembe, simu umeiacha ndani.

Nimalizie na la kwangu, maana mwenyekiti ananionyesha saa, na mimi saa ninayo nyumbani.

Jirani yangu anauza maandazi. Binti yake yuko darasa la sita, sehemu zilimshinda. Mwaka jana akaja barazani na daftari. Mimi mtu wa historia, sehemu nazijua za kubahatisha. Nikampa andazi aligawe mara nne, ale moja, aniambie zimebaki ngapi za ngapi. Tukaendelea hivyo. Sasa anakuja Jumanne na Alhamisi, saa kumi alasiri, na amewaleta wenzake watatu. Hawalipi. Sikuandika andalio. Nikajiambia, haya, Mzee, umeipata, hii sasa ni nia safi, Ghazali angekupa mkono.

Mwezi uliopita mama yake akasimama kwenye mkutano wa mtaa, mbele ya watu, akanishukuru kwa jina. Nikainamisha kichwa, nikasema si kitu, si kitu. Na nilikaa pale mpaka mkutano ukaisha, ingawa nilikuwa nimeshaaga, nione kama kuna mwingine atakayelitaja.

Ahsanteni. Chai naambiwa iko tayari pale nje.