Saratani ya utumbo mpana: utafiti wa kujua nani asikatwe

ZAWADI: Habari zenu wasikilizaji. Mimi Zawadi, niko na kaka Hamisi, daktari wa upasuaji. Mada ya leo nimeiomba mwenyewe. Mama yangu alitokwa na damu chooni kwa miezi saba. Kila alipokwenda kituo cha afya aliambiwa ni bawasiri, akapewa dawa ya kupaka. Hakuna hata mmoja aliyevaa glovu akamchunguza. Alipokuja kupimwa kwa kamera, uvimbe ulikuwa umeshakua kwenye puru, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Alipasuliwa, na mpaka leo haja kubwa inatokea kwenye mfuko ubavuni.

HAMISI: Pole sana dada, na mama mpe pole yangu. Damu chooni haitibiwi kwa kukisia. Inawezekana kweli ikawa bawasiri, lakini mtu anaweza kuwa na bawasiri na saratani kwa wakati mmoja. Kidole chenye glovu kinafika sehemu ya chini ya puru, na uchunguzi wenyewe hauchukui hata dakika mbili.

ZAWADI: Swali lililonileta ni jingine. Nilisoma kwamba wapo wagonjwa wa saratani ya puru waliopona bila kisu na bila mionzi. Usiku ule sikulala. Nikawa najiuliza, je, mama angekuwa mmoja wao?

HAMISI: Huo ni utafiti wa hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, ulioongozwa na daktari Andrea Cercek. Wagonjwa walipewa dawa ya kusaidia kinga ya mwili, iitwayo dostarlimabu, kwa dripu, kila wiki 3 kwa miezi 6. Mpango ulikuwa kwamba uvimbe ukibaki, mgonjwa aendelee na mionzi, kemotherapi (dawa kali za kuua seli za saratani) na upasuaji kama kawaida. Mwaka 2022 walitoa matokeo ya wagonjwa 12 wa kwanza. Wote 12 uvimbe ulitoweka. Kamera haikuuona, picha za MRI hazikuuona. Mwaka 2025 hesabu ilifika wagonjwa 49 wa puru waliomaliza dawa, na wote 49 ikawa hivyo hivyo.

ZAWADI: Wote? Katika saratani?

HAMISI: Wote. Niliposoma ilibidi nirudie ukurasa. Ila si kila mgonjwa wa puru angeingia kwenye utafiti ule. Seli ikijigawa inanakili DNA yake, yaani maelekezo yake ya urithi, na kwenye kunakili makosa hayakosi. Zipo protini zinazopita nyuma kusahihisha, kama mhariri wa gazeti. Kwa wagonjwa hawa mhariri hayupo. Makosa yanarundikana, seli inazidi kuwa ngeni, mpaka askari wa mwili, yaani seli za kinga, wanaitambua kuwa si mwenzao. Basi saratani nayo inajihami kwa kubonyeza breki iliyo kwenye askari wenyewe, breki inayoitwa PD-1. Dawa inaifunika breki ile isibonyezeke, askari wanafanya kazi yao.

ZAWADI: Na hao wasio na mhariri ni wangapi?

HAMISI: Kwenye puru ni kama 5 hadi 10 kati ya wagonjwa 100. Ukichukua utumbo mpana wote kwa jumla, kama 15.

ZAWADI: Kwa hiyo mama huenda hakuwemo.

HAMISI: Uwezekano mkubwa hakuwemo. Lakini tusimalize hapo, nitakurudisha kwa mama baadaye.

ZAWADI: Haya. Ulipokuwa unanitumia makala za kusoma nimegundua kitu. Nilidhani utafiti wa saratani ni kutafuta dawa kali zaidi. Nusu ya nilivyosoma vinauliza kinyume chake: tupunguze nini?

HAMISI: Na hilo ndilo ninalotaka watu walisikie. Mimi nakata watu. Najua upasuaji wa puru unaacha nini: mfuko, matatizo ya mkojo, matatizo ya tendo la ndoa. Angelita Habr-Gama, daktari wa upasuaji wa São Paulo, Brazili, alichapisha mwaka 2004 taarifa za wagonjwa 71 ambao baada ya mionzi na kemotherapi uvimbe haukuonekana tena. Badala ya kuwakata, aliwafuatilia kwa ukaribu. Madaktari wengi wa upasuaji hawakumwamini. Ilikuwa kama kumwacha mwizi ndani ya nyumba kwa sababu amenyamaza. Leo kufuatilia bila kukata ni njia inayokubalika kwa wagonjwa waliochaguliwa vizuri, mradi warudi kwa uchunguzi bila kukosa, maana kuna ambao uvimbe unarudi.

ZAWADI: Kwenye kemotherapi je? Mama alichomwa miezi 6. Vidole bado vinakufa ganzi, kufunga vifungo vya gauni ni shida.

HAMISI: Hiyo ni oksaliplatini, mojawapo ya dawa za kemotherapi. Kulikuwa na mradi ulioitwa IDEA, uliounganisha majaribio 6 na wagonjwa 12,834 wa saratani ya koloni, sehemu ya utumbo mpana iliyo juu ya puru, iliyokuwa imefika kwenye tezi za limfu. Nusu walipata miezi 3, nusu miezi 6. Ganzi ya kumsumbua mtu iliwapata karibu nusu ya waliotumia miezi 6. Kwa miezi 3, ilikuwa kama 15 katika kila 100.

ZAWADI: Na waliopunguziwa, walikufa zaidi?

HAMISI: Baada ya miaka 5 walio hai walikuwa asilimia 82.4 kwa miezi 3, na 82.8 kwa miezi 6. Sasa niwe mkweli: kwa masharti ya kitakwimu waliyojiwekea tangu mwanzo, hawakuweza kusema miezi 3 inatosha kwa kila mtu. Kwa wale wenye hatari ndogo, hasa wanaotumia oksaliplatini pamoja na vidonge vya kapesitabini, inatosha. Kwa wengine daktari na mgonjwa wanakaa wanapima.

ZAWADI: Mama hakukalishwa na mtu kupima chochote. Ingawa wa kwake ulikuwa puru, si koloni.

HAMISI: Ndiyo, matokeo ya koloni hayahamishiwi kwenye puru moja kwa moja. Lakini mazungumzo alistahili kuyapata. Halafu kuna utafiti wa Australia, DYNAMIC, wa mwaka 2022. Wagonjwa 455 wa saratani ya koloni ya hatua ya pili, wale ambao saratani haijafika kwenye tezi. Baada ya kukatwa, kundi moja lilipimwa damu kutafuta chembe za DNA ya saratani. Zikionekana, unapewa kemotherapi. Zisipoonekana, unaachwa. Kundi la pili likaamuliwa na madaktari kwa njia za kawaida. Kwenye kundi la damu waliopewa dawa walikuwa asilimia 15, kwenye lile jingine 28. Baada ya miaka 2, waliobaki bila saratani kurudi walikuwa asilimia 93.5 kwenye kundi la damu na 92.4 kwenye lile jingine.

ZAWADI: Yaani karibu nusu ya sumu imeondolewa na hakuna aliyepoteza kitu.

HAMISI: Kwa hatua ya pili, ndiyo.

ZAWADI: Tuje kwenye uchunguzi wa mapema, maana hapo ndipo mama alipopotelea. Kuna msikilizaji ameandika kwamba utafiti umeonyesha kolonoskopi, yaani kupimwa utumbo kwa kamera, haisaidii.

HAMISI: Anazungumzia NordICC, wa mwaka 2022. Watu karibu 85,000 wa Poland, Norway na Sweden. Theluthi moja walialikwa kupimwa kwa kamera, wengine hawakualikwa. Baada ya miaka 10 saratani ilipungua kwa asilimia 18 tu kwa walioalikwa, na vifo havikuonyesha tofauti ya uhakika. Magazeti yakarukia hapo. Lakini sikiliza neno: walioalikwa. Waliokwenda kweli walikuwa 42 katika 100. Utafiti ulipima barua ya mwaliko pamoja na kamera.

ZAWADI: Asiyekwenda naye anahesabiwa?

HAMISI: Anahesabiwa, na ni sahihi ahesabiwe. Ukiwahesabu waliokwenda tu, unalinganisha watu wanaojijali na watu wote, hapo umeshajidanganya. Ndiyo maana watu wanagawanywa kwenye makundi kwa bahati nasibu: kompyuta inagawa, si daktari wala mgonjwa, na kila mtu anabaki kwenye kundi lake mpaka mwisho. Matokeo yale yanatuambia kipimo kizuri ambacho watu wanakikimbia kinapoteza nguvu. Kile cha kinyesi ni chepesi zaidi. Huko Minnesota, Marekani, watu 46,551 walifuatiliwa miaka 13, na waliopangiwa kupima damu iliyojificha kwenye kinyesi kila mwaka vifo vya saratani hii vilipungua kwa theluthi moja. Hayo yalitoka mwaka 1993.

ZAWADI: Lakini mama alikuwa anaiona damu kwa macho.

HAMISI: Hapo kipimo cha kinyesi hakimhusu tena. Hicho ni cha mtu asiye na dalili. Anayeona damu anapelekwa kwenye kamera.

ZAWADI: Kuhusu kushiriki utafiti: watu wanasema watageuzwa panya wa maabara.

HAMISI: Hofu hiyo naiheshimu. Unasomewa fomu, unaeleweshwa, unauliza, unasaini, na unaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Usipoeleweshwa, usisaini. Na si kila utafiti ni dawa mpya. Utafiti wa CHALLENGE, uliotoka mwaka 2025, uliwapa wagonjwa 889 wa koloni waliomaliza kemotherapi ama kijitabu cha ushauri, ama msimamizi wa mazoezi kwa miaka 3. Baada ya miaka 8 walio hai walikuwa asilimia 90 kwenye mazoezi na 83 kwenye kijitabu. Wengi walifanya kutembea kwa kasi tu.

ZAWADI: Ulisema utanirudisha kwa mama.

HAMISI: Ndiyo. Kile kipande walichomtoa hakitupwi. Maabara hukihifadhi ndani ya nta, na hukaa miaka. Wanaweza kukata utando mwembamba wakaupaka rangi kutafuta protini nne za uhariri: MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Ikikosekana mojawapo, huenda ni hitilafu ya kurithi inayoitwa Lynch. Kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, na mwenye nayo huanza kupimwa kwa kamera akiwa kijana, kila mwaka mmoja au miwili. Kwa hiyo hili ni la kwako pia, na la ndugu zako.

ZAWADI: Tuko wanne. Hilo hakuna aliyewahi kutuambia.

HAMISI: Ulizeni namba ya sampuli. Ipo kwenye ripoti yake ya patholojia, ile ya maabara iliyochunguza kipande, juu kabisa.

ZAWADI: Ripoti iko kwenye bahasha, kabatini kwa mama. Nikitoka hapa napitia kwake.