Ngata Yangu Iko Wapi?

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Nimeombwa nieleze njia yangu ya uchoraji, lakini mimi nimepita alipopita Elimo Njau, kwa hiyo nianze naye. Ni mtu wa huku kwetu Marangu, kazaliwa 1932, akasomea uchoraji Makerere enzi za mwalimu Margaret Trowell. Mwaka 1959 alichora picha tano kubwa kwenye kuta za kanisa la Murang'a, Kenya, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau. Kidonda kilikuwa bado kibichi. Mle ndani Yesu anazaliwa na kusulubiwa katika nchi ya Wakikuyu, watu wake weusi, vilima vyao vilevile. Mwenye nauli akazione.

Angeweza kuishia hapo. Wengi wetu tukishasifiwa tunajifungia na brashi zetu. Yeye mwaka 1965, pamoja na wenzake, alifungua nyumba ya sanaa, Paa ya Paa, jijini Nairobi ili wengine wapate pa kutundika. Jina lenyewe tamu: paa mnyama, na kupaa angani. (Walimu wa sarufi mtanisamehe.) Moto wa 1997 uliteketeza picha chungu nzima. Nyumba haikufungwa.

Basi na mimi nikajaribu. Maonyesho yangu ya kwanza yalikuwa uani kwa shangazi: picha kumi na moja kwenye vitambaa vya amerikani, zimebanwa kwa vibanio vya nguo kwenye kamba. Nilizitundika usawa wa macho yangu, na mimi, mnaniona, ni mrefu. Kina mama walitoka sokoni wamechoka, wakaketi kwenye vigoda. Mmoja, muuza ndizi, akanyoosha shingo weee, kisha akaniuliza, "Baba, hizi umewachorea twiga?"

Nikashusha kamba. Tangu siku hiyo situndiki kitu kabla sijaketi pale watakapoketi watazamaji.

Kamba iliposhuka, yule mama akajiona. Nilikuwa nimemchora amebeba mkungu kichwani, picha niliyojivunia kuliko zote. Akaitazama muda mrefu. Nikangoja sifa.

"Ngata yangu iko wapi? Mkungu mzima juu ya utosi mtupu?"

Nilimchorea ngata usiku uleule, kwa taa ya chemli. Kesho yake alirudi na wenzake watano.