Funga waifai yako, kisha panga foleni ya data

Anza na kebo. Chomeka upande mmoja kwenye kompyuta na mwingine kwenye tundu la LAN nyuma ya ruta. Ukifanya kazi hii kupitia waifai, ukibadilisha nenosiri tu muunganisho unakatika katikati ya kazi.

Fungua kivinjari, andika 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Zikigoma zote mbili, pindua ruta usome kibandiko cha chini. Ukishaingia, badilisha kwanza nenosiri la kuingilia humu ndani. Wengi hubadilisha lile la waifai na kulisahau hili, kwa hiyo yeyote aliyeungwa kwenye mtandao anaweza kugeuza mipangilio yote.

Sasa bonyeza Wireless, halafu Security. Hapa unachagua aina ya ulinzi wa waifai. Chagua WPA3, iliyo mpya zaidi, kama vifaa vyako vyote ni vipya. Una printa ya zamani? Chagua WPA2/WPA3 kwa pamoja, na ikikataa hata hapo, WPA2 yenye AES (njia yake ya kuficha data). Usishuke zaidi. WEP, ulinzi wa zamani, ilivunjwa tangu 2001, na ukichagua TKIP, njia ya zamani ya kuficha data, kasi ya waifai haitapita megabiti 54 kwa sekunde, hata ruta iwe mpya namna gani.

Nenosiri la waifai linakubali herufi 8 hadi 63; weka 16 au zaidi. Kuficha jina la mtandao ni kujisumbua bure.

WPS, njia ya kuunga vifaa kwa kitufe au PIN bila nenosiri, izime kabisa. PIN yake ina tarakimu 8, lakini ruta huikagua kwa vipande viwili, na tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki tu. Anayebahatisha anabakiwa na majaribio 11,000 hivi.

Wageni wape mtandao wao, Guest Network. Kwenye masafa ya 2.4 GHz tumia chaneli 1, 6 au 11, upana 20 MHz. Basi, tusonge.

Hapa kwenye QoS, mipangilio ya ruta ya kuamua data ipi ipite kwanza, ndipo watu wengi hukosea. Pima kasi kwanza, kwa kebo, vifaa vingine vikiwa vimetulia. Tuseme umepata megabiti 40 kwa sekunde za kupakua na 10 za kupakia. Usiandike 40 na 10. Andika 36 na 9, yaani asilimia 90. Ukiacha kasi yote, foleni ya data inajikusanya kwenye modemu au kwa mtoa huduma, na huko ruta yako haina amri. Ukibana kidogo, foleni inabaki ndani ya ruta, nayo ndiyo inayoamua nani apite. Kama kuna chaguo la SQM, aina ya QoS inayosimamia foleni yenyewe, lichukue hilo.

Tujaribu. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika ping -t 8.8.8.8, kisha anza kupakia video kubwa. Tazama namba za milisekunde: zikiruka kutoka 30 hadi 400, punguza kasi ya kupakia kwa nusu megabiti, ujaribu tena hadi zitulie.

Kipaumbele cha juu kipe simu za video tu. Ukivipa vifaa vyote, hujakipa hata kimoja.

Kasi ikianguka mno baada ya kuwasha QoS, huenda kichakataji cha ruta kimezidiwa; hutokea kwenye laini za kasi kubwa. Na siku ukiongeza kifurushi, rudi hapa upandishe zile 36 na 9, la sivyo utalipia kasi usiyoiona.